Kudai Kilicho Chako: Je, ni Kukosa Imani?



Katika toleo hili tumeona vema tuzungumze juu ya jambo ambalo limeletwa mbele ya baraza la wazee zaidi ya mara moja, nalo limewagawanya hata watu wanaokaa benchi moja kanisani. Jambo lenyewe ni hili: Mkristo ambaye polisi wamemchukulia mali iliyo yake kwa haki, je, aidai? Au amwachie Mungu? Na kama anaidai, aidai kwa njia ipi?

Hatuulizi swali hili kwa kupenda mabishano. Tunaliuliza kwa sababu ya cherehani moja na baiskeli moja.

Mama mmoja mjane wa kanisa letu, aliyevuka Ziwa Tanganyika na watoto wanne, alinunua cherehani ya mkono kwa fedha alizokusanya kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Stakabadhi ya dukani alikuwa nayo, ameifunga kwenye nailoni pamoja na kadi yake ya mgao. Siku moja ya mnada alimwomba mdogo wake amfungie cherehani kwenye baiskeli, wakatoka kwenda kijiji cha jirani ili ashone nguo za watu, apate chochote. Kibali cha kutoka hawakuwa nacho. Njiani wakakutana na askari wa doria. Wakapelekwa kituoni, wakalala huko usiku mmoja, na asubuhi wakaonywa na kuachiwa. Cherehani na baiskeli vikabaki. Hawakupewa karatasi yoyote.

Mama huyo alipofika nyumbani alipata washauri wengi kuliko wasaidizi. Wa kwanza walimwambia, "Mama, samehe, mwachie Mungu. Hazina yetu iko mbinguni." Wa pili walimwambia, "Penye udhia penyeza rupia. Mpe afande kitu kidogo, utarudi na cherehani yako leo leo." Wa tatu, nao ni vijana, walisema, "Mnyonge hana haki. Sisi ni wakimbizi, nani atatusikiliza?" Ndipo akaja kwetu akasema, "Wazee wangu, kila mtu ananiambia lake. Mimi nataka kujua, nikienda kudai nitakuwa nimemkosea Mungu?"

Tukakaa, tukaomba, tukafungua Maandiko. Haya ndiyo tuliyoyaona, nasi tunayaleta kwenu ili nanyi myapime.

Kusamehe si kuacha haki ipotee

Tuanze na wale waliosema amwachie Mungu. Shauri lao si la kudharau. Ni kweli Bwana wetu alifundisha katika Mathayo 5 kwamba anayetaka kanzu yako umwachie na joho. Mtu akiamua mwenyewe, kwa moyo wake, kuachilia kilicho chake kwa ajili ya amani, huyo ametenda jambo kubwa na hatuna la kumwambia isipokuwa kumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini tuangalie vizuri neno lile limesemwa kwa nani. Limesemwa kwa mwenye kanzu. Halikusemwa kwa jirani yake aliyevaa joho la joto, amwambie mwenzake aliye uchi kwamba asidai. Ni rahisi sana kutoa sadaka ya mali ya mtu mwingine. Sisi tunaomshauri mjane aiache cherehani yake, usiku ule ule tutakula, na watoto wake hawatakula.

Tena kusamehe na kudai ni mambo mawili. Unaweza kumsamehe askari aliyekukamata, usimchukie, ukamwombea yeye na nyumba yake, na bado ukasema kwa sauti ya upole, "Afande, kitu kile ni changu, naomba nirudishiwe." Paulo na Sila kule Filipi walipigwa na kutiwa gerezani bila kuhukumiwa. Usiku waliimba, na mlinzi wa gereza walimhubiria hata akaokoka. Lakini asubuhi, maliwali walipotuma watu wawatoe kimya kimya, Paulo alikataa. Alitaka wenyewe waje wawatoe, kwa kuwa sheria ilikuwa imevunjwa (Matendo ya Mitume 16). Mtu yule yule aliyeimba gerezani ndiye aliyedai haki yake mlangoni. Na baadaye alikata rufani kwa Kaisari (Matendo 25). Hatujasikia mtu akisema Paulo alikosa imani.

Yuko na mwanamke mwingine ambaye sisi wakimbizi tunapaswa kumjua kwa karibu zaidi. Ni yule Mshunami ambaye Elisha alimfufulia mwanawe. Kwa sababu ya njaa alihama, akakaa ugenini katika nchi ya Wafilisti miaka saba. Aliporudi, nyumba yake na shamba lake havikuwa tena mikononi mwake. Alifanya nini? Alikwenda kwa mfalme, akalia kwa ajili ya nyumba yake na shamba lake. Na mfalme akaagiza arudishiwe vyote, hata mazao ya shamba tangu siku aliyoondoka (2 Wafalme 8:1-6). Kukaa ugenini hakukumwondolea haki yake, na kulia mbele ya mfalme hakukumwondolea imani yake.

Kosa ni kosa, na mali ni mali

Hata hivyo, wapendwa, tulimwambia mama yetu jambo moja ambalo halikumfurahisha. Tulimwambia, "Mama, kabla hatujadai, tukubali kwanza kwamba ulitoka bila kibali." Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa, na anayetoka awe na kibali. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964, unasema katika kifungu cha 2 kwamba mkimbizi ana wajibu wa kutii sheria za nchi inayompokea. Tunajua njaa ndiyo iliyomtoa. Lakini hatuwezi kusimama mbele ya kituo na nusu ya ukweli mkononi. Anayetaka haki itendeke kwake, na aitende kwanza kwa kusema kweli juu yake mwenyewe.

Sasa hapa ndipo wengi tunapochanganya mambo. Tukiwa tumekosa, tunadhani basi hatuna tena haki yoyote. Tunajiona kama watu ambao kila kitu walicho nacho ni cha kuombea. Sivyo. Kutoka bila kibali ni kosa la mtu, na kosa hilo lina adhabu yake katika sheria. Cherehani haikutoka bila kibali. Mkataba ule ule unaotudai utii katika kifungu cha 2, katika kifungu cha 13 unazungumza juu ya mali ya mkimbizi, inayohamishika na isiyohamishika, kwamba asitendewe vibaya kuliko wageni wengine katika nchi. Na kifungu cha 16 kinampa njia ya kufika mahakamani. Tukikubali ukurasa mmoja, tuusome na ukurasa wa pili.

Vilevile Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamtaka askari anayepekua na kuchukua kitu atoe stakabadhi ya kukiri kwamba amekichukua, nayo itiwe saini na mwenye mali na mashahidi kama wapo. Maana yake ni nini? Maana yake polisi anapochukua kitu hakiwi chake. Anakitunza. Kinaweza kuwa kielelezo cha kesi, na hapo ni haki kikae mpaka kesi iishe na mahakama iamue kiende wapi. Kinaweza kushukiwa kuwa cha wizi, na hapo askari anamlinda mwenye mali mwingine, ambaye kesho anaweza kuwa mimi au wewe. Kwa hiyo tusimwite mwizi kila askari aliyeshika kitu chetu. Lakini kama hakuna kesi, na hakuna anayedai kwamba kitu ni chake, basi kuendelea kukishika hakuna sababu.

Torati inakwenda mbali zaidi. Katika Kumbukumbu la Torati 24 imekatazwa kabisa kushika rehani jiwe la kusagia, kwa kuwa kufanya hivyo ni kushika uhai wa mtu. Mwenye deni alikuwa anadaiwa kweli. Hata hivyo jiwe lake lisiguswe. Tulipolisoma neno hilo tuliiona cherehani. Kwa mjane huyu, ile ndiyo jiwe la kusagia.

Kuhusu kitu kidogo

Sasa tuje kwenye shauri la pili, ambalo ndilo gumu. Tusijidanganye kwamba ni gumu kwa sababu hatujui Biblia inasema nini. Tunajua. Rushwa hupofusha macho ya wenye akili; Musa aliandika (Kumbukumbu 16:19). Ni gumu kwa sababu hesabu yake inaonekana nzuri. Unatoa kidogo, unapata cherehani. Ukikataa, unazungushwa njoo leo, njoo kesho, na kila siku ya kuzungushwa ni siku ya watoto kulala njaa. Tena wako waliotuuliza kwa uchungu, "Wazee, mtu akinilazimisha kununua mara ya pili kitu changu mwenyewe, dhambi ni yangu au ni yake?"

Tunajibu bila kuzunguka: mzigo mkubwa ni wake. Yohana Mbatizaji alipoulizwa na askari wafanye nini, aliwaambia wao wasimdhulumu mtu na watosheke na mshahara wao (Luka 3:14). Yeye hakuanza na waliodhulumiwa. Hatuwezi kumweka mjane anayekamuliwa na tajiri anayenunua hukumu katika kapu moja. Kama yuko kati yetu aliyewahi kutoa akiwa amebanwa, hatumfungii mlango.

Lakini yako mambo mawili. La kwanza, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayepokea na anayetoa pia. Unaweza kwenda kudai mali yako halali ukarudi na kesi. La pili ni kubwa zaidi. Ukitoa leo, umempangia bei mjane wa kesho. Yule atakayekuja baada yako na mkono mtupu ataambiwa mkono mtupu haulambwi, na bei atakayotajiwa ni ile uliyoilipa wewe. Haki inayouzwa haimfikii asiye na fedha, na sisi wengi hapa ndio tusio na fedha.

Basi tukamwambia mama, "Usitoe." Hapo mzee mmoja wa baraza, ambaye huwa hasemi sana, akauliza, "Na atakula nini akingoja?"

Wapendwa, swali hilo lilitunyamazisha. Kwa maana kanisa linalosema usitoe rushwa, kisha likaenda nyumbani kula, limemtwika mjane mzigo ambao lenyewe haliugusi hata kwa kidole. Tuliona kwamba hatuna haki ya kumkataza bila kumbeba. Jumapili ile ikatolewa sadaka ya unga na maharage. Mama mwingine wa kwaya akakubali kumwazima cherehani yake siku mbili kwa juma. Na wazee wawili wakachaguliwa wa kumsindikiza kituoni kila atakapoitwa. Tunaamini hilo lilikuwa jibu letu halisi kwa swali la rushwa. Maneno peke yake yasingetosha.

Ilivyokuwa

Siku ya kwanza walikwenda na stakabadhi ya duka. Askari wa zamu akawaambia mtunza stoo hayupo. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu wakaambiwa, "Wazee, hata chai hakuna?" Mmoja wa wazee akajibu kwa heshima, "Afande, chai tungekunywa pamoja kama wageni wa nyumbani. Hapa tumekuja kwa ajili ya mali ya huyu mama." Wakaondoka bila ugomvi.

Ndipo wakaandika barua, wakisaidiwa na watu wa msaada wa kisheria. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema siku, saa na mahali. Ilikubali kwamba mama alitoka bila kibali na ameonywa. Ilitaja vitu viwili na alama zake. Iliomba virudishwe, au waelezwe kwa maandishi ni kesi gani inayovishikilia. Nakala ilikwenda kwa mkuu wa kituo na kwa ofisi ya mkuu wa makazi. Nakala ya tatu waliitunza, imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Juma la sita mkuu wa kituo mwenyewe aliwaita, akafungua stoo, akamkabidhi mama cherehani yake na kumwekesha saini katika daftari. Hakuomba hata senti moja. Tunaliandika hili makusudi, kwa kuwa tumezoea kusimulia ya wabaya tu. Mjane wa Luka 18 alimchosha kadhi asiyemwogopa Mungu. Wetu alikuta mtu anayemwogopa.

Lakini baiskeli haikuwamo.

Baiskeli iliyorudi kanisani

Miezi ikapita. Siku moja baada ya ibada, mdogo wake mama aliiona baiskeli yake imeegemezwa kwenye mwembe wa kanisa. Aliitambua kwa uma uliochomelewa na kwa jina lake alilolikwaruza kwa msumari chini ya kiti. Aliyekuja nayo ni ndugu yetu, mwimbaji wa kwaya. Alikuwa ameinunua mnadani kwa mtu asiyemjua, kwa bei ya chini sana, bila karatasi.

Sasa, wapendwa, wale wote waliokuwa wakali dhidi ya polisi walianza kuongea polepole. Ndugu mnunuzi alisema, "Wazee, mimi si mwizi. Nimetoa fedha yangu ya halali." Ni kweli. Na mdogo wake mama akasema, "Ni yangu, na karatasi ninayo." Nayo ni kweli. Wote wawili wameumizwa na mtu wa tatu ambaye hayupo.

Swali hili si la baiskeli tu. Ndugu zetu Warundi wanalijua kwa jina la ardhi. Waliokimbia mwaka 1972 waliacha mashamba na michikichi yao kando ya ziwa, Rumonge na Nyanza-Lac, na wengine wakapewa au wakanunua, wakazaa na kujenga humo. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitaka wakimbizi wanaorudi warudishiwe mali zao, au walipwe fidia kama haiwezekani. Mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB. Kwanza ilipendelea mwenye shamba na aliyelikuta wagawane. Baadaye msimamo ukageuka, mali irudi yote kwa mwenyewe. Kila njia ilikuwa na machozi yake. Mwaka huo huo wa 2006 nchi za Maziwa Makuu zilitia saini mkataba wenye itifaki ya mali za watu wanaorudi makwao. Kwa hiyo tunapoamua juu ya baiskeli chini ya mwembe, tunajifunza jambo ambalo tutalihitaji siku ya kurudi.

Tuliamua hivi. Baiskeli irudi kwa mwenyewe, kwa kuwa aliyeuza hakuwa na cha kuuza. Lakini ndugu mnunuzi asiachwe na hasara yote peke yake. Kanisa limrudishie nusu ya fedha aliyotoa. Nusu nyingine ibaki kuwa fundisho kwake, kwa kuwa bei ile ndogo ilikuwa inamwambia jambo, naye hakutaka kusikia. Alinuna majuma mawili. Kisha akarudi kwaya. Mwenye baiskeli sasa humpakia siku za mnada, wakiwa na vibali vyao mfukoni.

Tunalowaachia

Wazee wa zamani walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tunza stakabadhi ya kila kitu ulichonunua, na andika alama zake. Usitoke bila kibali. Kitu kikichukuliwa, omba hati kwa upole, na andika siku, mahali na jina la aliyekichukua. Nenda na shahidi, usiende peke yako. Sema kweli hata inayokuumiza. Usitoe rushwa, na ukidaiwa, iko TAKUKURU. Na usinunue kitu kisicho na mwenyewe.

Na sisi wenyewe tujiulize. Samweli alipokuwa mzee alisimama mbele ya taifa lote akawauliza ni ng'ombe wa nani aliyemchukua, na ni kwa mkono wa nani alipokea rushwa, ili arudishe (1 Samweli 12:3). Katika kukimbia kwetu, wengine tulipita katika nyumba ambazo wenyewe walikuwa wamekwisha kukimbia. Sufuria, mbuzi, nguo: njaa na hofu vilitufanya tusiulize. Kama kipo, na mwenyewe yupo katika makazi haya, usingoje aje na barua. Zakayo hakungoja.

Anayedai kilicho chake kwa haki hajakosa imani. Lakini adai kwa mikono isiyoshika cha mwenzake.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.